Asiransi ya gari inaishia wapi? Maneno kwa wanaokodi gari za kuvuka mpaka

Maneno haya yalisomwa kwa niaba ya komite katika mkutano wetu wa mwezi hapa Luhwindja. Tunayachapa juu ya wanachama wanaokaa Bukavu na wale walio ngambo ambao hawakuweza kufika. Tumeyaacha kama yalivyosemwa, tumeondoa tu marudio.



Tulipoandika kwenye ajenda "gari za lokasiyo na asiransi", kuna waliotucheka. Mzee mmoja alituuliza: "Sisi hata kinga hatuna, mutatufundisha asiransi ya gari?" Tulicheka naye. Lakini tuhesabu pamoja. Tangu chama hiki kianze, ni mara ngapi tumechanga pesa ya kukodi gari? Mgonjwa wa kushusha Bukavu, maiti ya kurudisha nyumbani, arusi, mtoto anayefika toka Ulaya na mifuko sita. Hakuna kati yetu mwenye jeep, lakini sote tunapanda jeep za watu. Na anayekodi gari njo anayetia sahihi kwenye karatasi. Kwa hiyo jambo hili ni letu.

Pengine mtu atasema: mpango wa kukodi gari nchi ya kigeni ni wa wale wanaopanda ndege. Hapana, wapendwa. Kwetu sisi nchi ya kigeni iko mwisho wa daraja. Munajua wenyewe gari za Bukavu kwenda Uvira zinapita wapi. Barabara ya Ngomo ni ya kutisha, milima na bonde, na mvua ikinyesha hata shofere mzoefu anasali. Kwa hiyo gari nyingi zinavuka Ruzizi ya kwanza, zinaingia Rwanda, zinapita Kamembe, zinashuka Bugarama, kisha zinarudi Congo kwa Kamanyola. Mtu ametoka Bukavu asubuhi, anakula mchana Uvira, na moyoni mwake anajua hajatoka kwao. Lakini kwa saa zile alizokuwa upande wa pili, alikuwa ni mgeni anayeendesha gari la kukodi katika nchi ya watu.

Wengi wenu munakumbuka habari ya jamaa zetu waliokwenda kuzika Uvira. Hatutawataja, wako hapa kati yetu na wametupa ruhusa ya kueleza. Walikodi jeep Bukavu, pamoja na shofere. Kabla ya kuondoka waliuliza vizuri, kama inavyofaa.

"Muzee, hii motokari iko na asiransi?"

"Iko na byote, mama. Angalia hapa ku kioo. Usiogope hata kidogo."

Na kweli karatasi ilikuwa ku kioo, tarehe yake haijapita. Mwenye gari hakusema uongo. Wakavuka. Kule tambarare ya Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga, shofere akagonga mtu wa baiskeli aliyebeba mzigo. Mtu akavunjika mguu. Hakufa, tunashukuru Mungu. Polisi wakafika haraka, wakapima barabara, wakaomba karatasi. Ile asiransi ya Congo wakaigeuza mbele na nyuma, wakauliza: na ya hapa iko wapi? Haikuwako. Gari likazuiwa, shofere akazuiwa, na watu saba wa mazishi wakabaki kando ya barabara na shada la maua, na Uvira maiti inawangojea.

Mnajua kilichofuata kwa sababu kilipita katika sanduku letu. Hospitali ya yule mtu ilitaka pesa. Mwenye gari akapiga simu akasema gari lake kila siku linalolala linamnyima kazi, na mkataba unasema aliyekodi njo anajibu. Sanduku likatoa karibu yote lililokuwa nayo. Na katika sanduku hilo kulikuwa na pesa ya mama yetu mmoja aliyekuwa anangoja operesheni. Aliahirishwa wiki tatu. Amepona, yuko pale mstari wa pili, anatutazama. Lakini wiki tatu za maumivu ni wiki tatu.

Njo sababu ya mazungumzo haya. Tuanze na swali: ile karatasi ya ku kioo ilikuwa inalinda nini?

Watu wanasema "asiransi" kama vile ni kitu kimoja. Si kimoja. Ya kwanza, na hii njo ile ambayo sheria inalazimisha, ni asiransi ya madhara kwa wengine. Ukigonga mtu, ukabomoa duka la mtu, ukaua ng'ombe wa mtu, asiransi inamlipa yule mtu. Hailipi gari ulilomo. Katika Congo ni lazima tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973. Kwa miaka mingi ilitoka mahali pamoja tu, SONAS, ambayo serikali iliianzisha 1966 na kuipa soko lote peke yake. Sheria mpya ya asiransi ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango, na tangu 2019 kampuni nyingine zimepata ruhusa, kama Rawsur, Activa, SFA na Mayfair. Kwa hiyo usishangae ukiona karatasi ya jina lingine. Baadhi yetu tuliorudi kutoka Tanzania na Uganda tulizoea kampuni nyingi. Waliobaki hapa walizoea moja. Wote wawili wanatakiwa kusoma karatasi.

Ya pili ni asiransi ya gari lenyewe: likigongwa, likipinduka, likiungua, likiibiwa. Hii hailazimishwi na sheria. Mwenye gari anaweza kuwa nayo au asiwe nayo, na gari nyingi za watu binafsi zinazokodishwa Bukavu hazina. Hapo njo mkataba unapokuja kukubana wewe.

Ya tatu ni ya watu waliomo ndani, shofere na abiria. Wengi wanadhani imo tu. Uliza. Uliza pia kama jamaa za mwenye gari au za dereva wanahesabiwa, kwa sababu kuna mikataba inayowaacha nje, na sisi tunasafiri kwa ukoo.

Sasa, ile ya kwanza, inayolazimishwa, inafanya kazi ndani ya nchi iliyotolewa. Inaishia kwenye daraja. Ili ivuke inahitaji kitu kingine, na kitu hicho kipo tangu zamani, hakikuanza jana. Ni karte ya manjano ya COMESA. Mpakani utasikia wanasema "karte jone". Nchi zilitia sahihi itifaki yake Addis Ababa mwezi wa Desemba 1986, na kazi ikaanza mwaka uliofuata. Congo imo. Rwanda imo, Burundi, Uganda, Kenya, Zambia, Malawi, Zimbabwe, Ethiopia na nyingine. Tanzania imo pia, ingawa yenyewe si mwanachama wa COMESA. Kwa hiyo kwa safari zetu nyingi, kutoka hapa hadi Kigoma, Kampala au Bujumbura, karte ni ileile.

Inafanya kazi hivi. Si asiransi inayosimama peke yake; inakaa juu ya asiransi ya nyumbani. Gari lisilo na asiransi halali hapa halipati karte. Ukiwa nayo na ukasababisha ajali Bugarama, ofisi ya karte ya Rwanda inashika faili, inamlipa aliyeumia kwa kiwango ambacho sheria ya Rwanda inataka, kisha inarudishiwa pesa na upande wa Congo. Yule mtu wa baiskeli hahitaji kuvuka mpaka kumtafuta mtu Bukavu. Na wewe huhitaji kutafuta dola usiku. Inatoa pia msaada wa matibabu ya haraka kwa dereva na abiria. Lakini, tusikilizane vizuri, hailipi gari. Jeep ikibonyea, karte ya manjano haina neno nayo.

Mwingine atauliza: kama sina, siwezi kununua mpakani? Mara nyingi unaweza kupata asiransi ya siku chache kwenye mpaka, ya nchi unayoingia. Ni afadhali kuliko kuvuka bila kitu. Tatizo ni kwamba pale mpakani uko na haraka, watu wanakusukuma, kuna komisionera wanaokuambia "leta pesa, mimi nitashughulika", na unapewa karatasi usiyoisoma. Karte tuinunue Bukavu, mchana, kwa utulivu, kwenye ofisi ya asiransi yenyewe, na jina na namba ya plaki ziandikwe mbele ya macho yetu.

Kuna mawazo mawili hapa ambayo tunayasikia sana. La kwanza: "Niko na jeton, ninapitaka kila siku." Jeton na karatasi za CEPGL zinavusha mtu. Ni kweli, tangu nchi zetu tatu zianzishe CEPGL huko Gisenyi 1976, jirani anakwenda kwa jirani. Gari halina jeton. Gari linapita kwa duane, linaandikiwa siku za kukaa, na linatakiwa asiransi yake. La pili: "Congo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, sasa ni nchi moja." Tulishangilia sote, na ni jambo zuri, lakini kuingia katika jumuiya hakukupeleka karatasi yako ya Bukavu mbali zaidi ya pale ilipokuwa inafika.

Tugeuke upande wa pili, kwa watoto wetu na ndugu wanaotoka Ulaya, Marekani na Kanada. Wanachama walio ngambo, sehemu hii ni yenu.

Wengi munashuka Kigali, kwa sababu ndege ni rahisi, kisha munakuja kwa barabara mpaka Kamembe kupitia msitu wa Nyungwe. Munapenda kukodi gari la kuendesha wenyewe pale Kigali. Tunaelewa. Mtu aliyekaa miaka kumi na mitano ngambo anataka kufika kwao akishika usukani. Lakini kabla ya kutia sahihi, tafuta neno moja katika mkataba: nchi gani gari linaruhusiwa kwenda. Kampuni nyingi za Kigali zinakataza gari lao kuingia Congo, au zinataka ruhusa ya maandishi kabla. Ukivuka bila ruhusa hiyo umevunja mkataba. Tangu dakika hiyo, asiransi nzuri uliyolipia, hata ile ya bei kubwa kuliko zote, inaweza kukataa kulipa chochote kuhusu gari lile. Gari la dola elfu ishirini linakuwa deni lako.

Kuna kijana aliyetueleza kwamba yeye angepita tu, nani atajua? Plaki ya Rwanda katika barabara ya Luhwindja itajulikana na kila mtoto anayechunga mbuzi. Na magari ya kampuni siku hizi yana vifaa vya kuonyesha yalipo. Ushauri wetu ni mwepesi: gari la Kigali liishie Kamembe, ulirudishe kama kampuni ina mtu pale, au uje kwa basi na uokoe pesa. Vuka kwa miguu na mifuko yako, na upande wa Bukavu tukungoje na gari la Congo lenye shofere anayejua matope ya kwetu. Wewe mwenye permi ya Brussels hujui kilima chetu wakati wa mvua, hata kama ulizaliwa hapa. Usikasirike.

(Neno dogo kando: barabara ya Kigali hadi Kamembe ina kamera za mwendo. Faini inafuata plaki, kampuni inakutoza wewe. Hakuna asiransi inayolipa faini.)

Sasa tufike kwenye kuchagua, maana pale kaunta watakuuliza: unataka ya kawaida au ya juu? Na hapa watu wengi wanachagua kwa woga au kwa ubahili, bila hesabu.

Neno la kujua ni franshizi. Ni ile sehemu ya hasara ambayo inabaki kwako kabla asiransi haijaanza kulipa. Tuseme gari ni dola 60 kwa siku na franshizi ni dola 1,000. Ukilibonyeza na gereji ikasema dola 700, unalipa zote 700, asiransi haijafikiwa. Gereji ikisema 3,000, unalipa 1,000, wao 2,000. Kisha wanakuambia: ongeza dola 12 kwa siku, franshizi inashuka hadi 200. Kwa siku tano ni dola 60. Swali la kujiuliza ni moja: nikipata ajali ya dola 1,000, pesa hiyo itatoka wapi? Kama unayo benki na haitakuumiza, unaweza kubaki na franshizi kubwa. Kama itatoka katika sanduku la chama, au kwa kuuza ng'ombe wa mzee, lipa zile 60. Sisi wa komite tunasema wazi: kwa watu wa hali yetu, franshizi ndogo ni afadhali, hata kama hutaitumia.

Angalia pia kosiyo, ile pesa wanayoishika kwenye kadi yako mwanzoni. Mara nyingi inakaribia franshizi. Kuna dada yetu aliyefika Kigali na kadi ya benki yenye pesa ya likizo nzima. Kosiyo ikafunga sehemu kubwa, na wiki mbili akawa anakopa kwa shangazi zake. Pesa ilirudi, ndiyo, lakini likizo ilikuwa imekwisha.

Halafu kuna lile neno tamu, "turiski", yaani hatari zote. Haliko hivyo. Soma ukurasa wa yale yanayoachwa. Mara nyingi utakuta pine, vioo, chini ya gari, funguo zilizopotea, mafuta yasiyofaa yaliyotiwa kwenye tanki, maji yaliyoingia kwenye injini. Sasa jiulizeni, gari kwetu linaharibika wapi? Juu? Linaharibika chini, kwenye mawe, na kwenye kijito ambacho dereva alisema "tutapita tu". Kwa hiyo turiski isiyolipa chini ya gari wala maji, kwa safari ya ukiacha lami, ni karatasi nzuri ya kuweka kwenye fremu. Mikataba mingine inakataza kabisa barabara za udongo. Ukisoma hivyo, usilikodi gari hilo kwa safari ya kijijini. Tafuta lingine, hata kama ni baya zaidi kwa sura.

Yapo na mambo yanayoangusha kila asiransi, ya juu na ya chini: dereva ambaye jina lake haliko kwenye mkataba, dereva bila permi halali katika nchi ile, pombe, na abiria wengi kuliko viti. Hilo la mwisho linatuhusu sana. Jeep ya viti vitano, sisi tunaingia tisa na mbuzi wa mahari. Siku njema hakuna anayehesabu. Siku ya ajali watahesabu.

Na ndugu wa Amerika ya Kaskazini, munatuambia "kadi yangu ya benki ina asiransi ya gari la kukodi". Nyingi zinayo kweli. Lakini kwa kawaida inalinda gari tu, hailipi mtu uliyemgonga. Inataka ulipie kodi yote kwa kadi hiyohiyo, na mara nyingi ukatae asiransi ya gari ya kampuni. Ina siku zake za mwisho, ina aina za gari inazokataa, kama pikapu, na ina orodha ya nchi. Piga simu kwa benki kabla ya ndege, uliza kwa jina: Rwanda? Congo? Omba wakuandikie. Asiransi ya gari lako la nyumbani kule Marekani mara nyingi inafuata gari la kukodi ndani ya Marekani na Kanada, haivuki bahari. Kwa wale wa Umoja wa Ulaya, ile ya madhara kwa wengine iko ndani ya bei ya kukodi kwa sababu sheria inaidai. Mazoea hayo njo yanayowafanya mkija huku msiulize.

Sasa turudi Bukavu, kwa gari la mtu binafsi, kwa kuwa hilo njo tunalokodi mara nyingi. Karatasi ya ku kioo isomwe hivi. Tarehe, wote wanaiangalia. Namba ya plaki na ya shasi, zilingane na gari. Na kitu ambacho karibu hakuna anayekiangalia: matumizi. Kama imeandikwa gari ni la matumizi ya binafsi, na mwenye gari anakukodisha kwa pesa, asiransi ina njia ya kukataa. Bei ya asiransi ya gari la kukodisha ni kubwa zaidi, njo maana wenye gari wengine wanaikwepa. Mwenye gari akikasirika kwa sababu umeuliza, umepata jibu lako.

Mkataba uwe wa maandishi, hata nusu ukurasa. Uandike njia: Bukavu, Ruzizi, Bugarama, Kamanyola, Uvira. Uandike nani analipa karte ya manjano. Uandike kama siku ambazo gari litalala gereji zinalipwa au hapana. Piga picha gari pande zote mbele ya shofere, hata mikwaruzo ya zamani, hasa mikwaruzo ya zamani.

Na ajali ikitokea: saidia aliyeumia kwanza, usisogeze gari kabla ya polisi, piga picha, andika majina ya walioona, omba PV. Usitie sahihi kwamba kosa ni lako na usianze kugawa pesa barabarani, kwa huruma wala kwa woga. Kuna asiransi zinazokataa kulipa ukiisha kukubali kosa peke yako. Piga simu kwa asiransi ndani ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba. Upande wa Rwanda, ukigongwa wewe na gari likakimbia au likawa halina asiransi, kuna mfuko maalumu wa dhamana wa serikali unaolipa walioumia. PV njo ufunguo wake.

Tunamalizia na jambo ambalo mkutano ujao utalipigia kura, tunaomba mlifikirie nyumbani.

Kuna wanaosema: aliyevuka bila karte, sanduku lisimpe hata franka moja. Tumelijadili katika komite na hatukubaliani nalo. Huwezi kumwacha mtu kando ya barabara na maiti inangoja, kwa sababu ya karatasi. Lakini pia hatuwezi kumwambia tena mama mgonjwa angoje wiki tatu. Tunachopendekeza ni hiki. Kwa safari ya msiba au ya mgonjwa inayovuka mpaka, sanduku lilipe bei ya karte ya manjano kabla ya safari, bila mkopo, bila riba. Pesa ya operesheni na hospitali ikae katika kitabu chake, isiguswe kwa ajili ya gari, hata kwa saa moja. Na kwa ajali ya aliyekataa kuchukua karte wakati sanduku lilikuwa tayari kuilipia, tumsaidie kwa mchango wa papo hapo, kila mtu kwa moyo wake.

Waliobaki na swali waje kwa katibu. Wenye gari walio wanachama au jamaa ya wanachama walete kopi ya asiransi kabla ya mkutano ujao, tutengeneze orodha ya gari ambazo matumizi yake yameandikwa sawasawa. Wanachama wa Bukavu wanaweza kuacha kopi kwa mwakilishi wetu wa mtaa. Na wale munaokuja Desemba, tutumieni mkataba kwa simu kabla ya kutia sahihi, kurasa zote, pia zile za herufi ndogo.